Ganda Tupu: Shaba, Fataki na Mamlaka katika Nchi ya Wamwera

Historia ya silaha kusini mwa Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu bunduki. Tunaambiwa nani alikuwa na gobori, nani alibeba bunduki ya kisasa na nani alikuja na bombomu, kisha ushindi na kushindwa vinaelezwa kana kwamba bunduki hujilisha yenyewe. Makala haya yanashikilia hoja nyingine. Katika bara la Lindi, kuanzia Mnero na vijiji vinavyogawanywa leo na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, hadi mabonde ya Mbwemkuru na Lukuledi, kilichotenganisha mtawala na mtawaliwa tangu miaka ya 1890 kilikuwa ganda dogo la shaba ya manjano linaloshikilia risasi, pamoja na uwezo wa kulitengeneza au kulirudishia umbo lake baada ya kufyatuliwa. Mwenye karakana ya kazi hiyo, au mwenye meli ya kumletea maganda mapya, aliweza kupigana mwaka baada ya mwaka. Asiye navyo alipigana kwa hesabu ya risasi zilizobaki mkobani, na zikiisha bunduki yake ilikuwa na thamani ya rungu.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na kazi ya ganda lenyewe. Gobori hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti humiminwa, kitambaa au nyuzi za magome hushindiliwa kwa mti, kipande cha chuma au cha risasi hufuata, na moto huanzishwa na jiwe au na fataki ndogo iliyovikwa nje ya mtutu. Mhunzi wa kijiji aliweza kulitengeneza gobori lililoharibika, na kipande chochote cha chuma kilichopita mtutuni kilifaa kupigwa. Bunduki inayopakiwa nyuma haina uvumilivu huo. Baruti, fataki na kichwa cha risasi vimefungwa pamoja ndani ya ganda moja, na ganda hilo ndilo linaloziba nyuma ya mtutu. Moto unapowaka, nguvu ya gesi hulipanua ganda mpaka likakamata kuta za chemba pande zote, na gesi ikakosa njia ya kumrudia mpigaji usoni. Kisha shaba hunywea, ganda likaweza kuchomolewa. Lakini hunywea kidogo tu. Ganda lililokwisha kufyatuliwa hubaki nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na tofauti hiyo, isiyofika unene wa ukucha, inatosha kulifanya ligome kuingia chemba au lishindwe kukishika kichwa kipya. Anayetaka kulitumia tena hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu iliyochongwa kwa kipimo kimoja kamili ili lirudie umbo lake, kisha huiondoa fataki iliyokufa na kuweka mpya. Tena shaba ina tabia yake: kila inapopanuka na kubanwa huzidi kukakamaa, na baada ya mizunguko kadhaa mdomo wa ganda hupasuka. Kwa hiyo ganda ni chombo cha usahihi, na usahihi huo ulizaliwa katika viwanda vya Ulaya na Marekani katika miaka ya 1860 na 1870.

Wakati huo bara la Lindi lilikuwa tayari na magobori mengi. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyopita kati ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa na Lindi iliyaleta pamoja na vipipa vya baruti. Wawindaji wa Kimakua walisifika kwa kumwangusha tembo kwa silaha hiyo, na Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na ngome yake Luagala kwenye uwanda wa juu wa Makonde, aliwakatalia Wajerumani kwa takriban miaka kumi mpaka alipovuka Ruvuma mwaka 1899. Mataifa ya Ulaya yaliiona hatari hii yakaitungia sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, unaokumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya utumwa, ulikuwa na vifungu vya silaha vilivyohusu karibu Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake, ukaacha mwanya kwa bunduki za mawe zisizo na mikunjo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida ya biashara, tena chini ya usimamizi wa serikali. Mpaka huo ulichorwa kwa akili. Mwafrika hakunyimwa kila bunduki. Aliachiwa ile isiyotumia ganda, ile ambayo nguvu yake ingeweza kudhibitiwa kwa kufuli la ghala la baruti, na akafungiwa njia ya kuifikia ile inayotegemea kiwanda.

Miaka kumi na mitano baadaye sheria hiyo ilipimwa kwa damu. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na katika mwezi wa Agosti vikasambaa mpaka nchi ya Wamwera: boma la Liwale likaanguka, misheni za Lukuledi na Nyangao zikashambuliwa. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori, lakini hawakuwa na njia ya kudumu ya kupata risasi za ganda. Bunduki ya kisasa iliyotekwa katika boma iliishi kadiri ya risasi zilizotekwa nayo, basi. Kwa mtazamo huu ahadi ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale inastahili kusomwa kwa heshima zaidi kuliko inavyosomwa kwa kawaida. Dawa ile haikuahidi kuwapa watu bunduki. Iliahidi kuzigeuza risasi za askari kuwa maji. Waliojiunga na vita walijua vyema ni kitu gani kilichowashinda miaka yote ile, wakakielekezea tumaini lao kitu hichohicho. Kosa halikuwa katika kuitambua hatari. Tatizo ni kwamba hapakuwa na karakana wala bandari iliyo wazi ambayo ingeijibu hatari hiyo kwa njia nyingine.

Hapa kuna pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtu anaweza kusema kwamba tofauti ilikuwa ya ufundi: mhunzi wa Afrika hakuweza kazi ya vipimo vidogo namna ile, kwa hiyo sheria ya Brussels haikubadili lolote. Ushahidi wa Afrika Magharibi unalikataa dai hilo. Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa mpaka alipokamatwa mwaka 1898, alikuwa na mamia ya wahunzi waliopangwa katika karakana. Walinakili bunduki za Kifaransa zinazopakiwa nyuma, wakatengeneza risasi na kuyatumia tena maganda yaliyofyatuliwa. Ufundi ulikuwepo, kilichohitajika ni dola ya kuwakusanya mafundi mahali pamoja na kuwapatia mali ghafi. Ushahidi mwingine unatoka nyanda za Marekani katika miaka ya 1870. Wawindaji wa nyati walijaza maganda yao wenyewe kambini usiku kwa ajili ya kesho, na wenyeji wa asili waliopigana na jeshi la serikali nao walijifunza kufanya hivyo. Kuanzia 1884 kampuni ya Ideal ya John Barlow huko Connecticut iliuza vifaa vya mkono, mithili ya koleo, vilivyomwezesha mtu kufanya kazi hiyo bila kiwanda. Hawa hawakuwa na akili kuliko mhunzi wa Mwera. Walikuwa na duka lililowauzia fataki, baruti na kalibu, na hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliolifunga duka hilo. Kwa hiyo pingamizi la ufundi, likichunguzwa, linaishia kuiunga mkono hoja yetu: ganda lilikuwa suala la biashara na sheria kabla ya kuwa suala la mikono.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulikuja pale Wajerumani wenyewe walipofungiwa duka. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871, inayotumia baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilifunga pwani, na koloni zima likajikuta katika hali ya Machemba: bunduki zipo, kiwanda cha risasi hakipo. Meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga tarehe 14 Aprili 1915 ikifukuzwa na manowari Hyacinth, ikachomwa moto na kuzama katika maji mafupi. Sehemu kubwa ya shehena yake iliopolewa, yakiwemo mamilioni ya risasi, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi hayo, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi baruti na fataki zilivyozidi kuharibika na risasi zikazidi kukataa kulipuka, mpaka ikabidi risasi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Ilikuwa kazi ya miezi. Bila shaka hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za kufungua na kujaza upya risasi kwa mkono zilizowahi kufanyika Afrika Mashariki.

Kwa nini kazi hiyo iliwezekana Moshi, na kwa nini haikuweza kuendelea kwa risasi zilizokwisha kupigwa? Jibu lipo katika ganda. Risasi za Kronborg zilikuwa zimelowa tu, hazikuwa zimefyatuliwa. Ganda lao lilikuwa bado na kipimo cha kiwandani, kwa hiyo mikono mingi yenye subira ilitosha. Ganda lililofyatuliwa linadai kalibu, linadai fataki mpya kwa kila risasi na linadai baruti mpya, na hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kilichopatikana kwa wingi ndani ya koloni lililozingirwa. Koloni hilohilo lilionyesha ubunifu wa ajabu kwingineko: taasisi ya utafiti ya Amani kule Usambara ilitengeneza dawa ya kwinini na bidhaa nyingi za kubadili zile za Ulaya. Na shaba ya maganda yaliyotumika ilienda wapi? Sehemu yake iliyeyushwa Tabora mwaka 1916 ikawa sarafu za heller, zilizopigwa kwa haraka kabla mji haujatekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Uamuzi huo unaeleza mengi. Katika Ulaya ya vita vilevile, maganda ya mizinga yalikusanywa uwanjani, yakarudishwa viwandani kunyooshwa na kujazwa tena. Hapa ganda tupu lilikuwa na thamani kubwa zaidi kama fedha ya kumlipa askari kuliko kama risasi ya kumpa.

Meli ya pili inatuleta karibu na Mnero. Machi 1916 Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, kusini kidogo ya mji wa Lindi. Ilishusha mizinga, bunduki na mamilioni ya risasi, kisha ikaponyoka. Shehena ilifungwa katika mizigo ya kubebwa kichwani, na wapagazi wa kusini wakaisafirisha kwa miguu kuelekea reli ya kati. Hakukuwa na meli ya tatu. Kuanzia siku hiyo kila risasi iliyopigwa ilikuwa imetoka katika akiba isiyojazwa, na hesabu hiyo ilikuja kufungwa katika nchi ya Wamwera yenyewe. Mwaka 1917 Waingereza walisukuma kutoka Kilwa na Lindi kwa pamoja, wakaichukua Ruponda mwezi Oktoba. Kati ya tarehe 15 na 18 mwezi huo majeshi yalikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kuliko yote ya kampeni hiyo. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, na kwa kawaida vita hivyo huhesabiwa kuwa ushindi wa Wajerumani. Lakini ushindi huo ulikula akiba ya risasi ambayo haikuweza kurudishwa. Wiki chache baadaye Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake, akaacha nyuma wagonjwa na wengi waliokuwa bado na nguvu, akavuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 alikishambulia kituo cha Wareno cha Ngomano, akajipatia bunduki na risasi zao.

Ngomano huleta pingamizi la pili: kama mtu aweza kuteka risasi za adui, ganda lina umuhimu gani? Orodha ya silaha zilizokabidhiwa Abercorn, yaani Mbala ya leo, mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, inalijibu. Jeshi lililojisalimisha lilikuwa na bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Katika bombomu zake 37, saba tu ndizo zilikuwa za Kijerumani. Jeshi lililoanza vita kwa Mauser lilimaliza bila bunduki hata moja ya kwao, kwa sababu kila aina ya bunduki hukubali ganda la kipimo chake tu. Asiyeweza kulirudisha ganda katika kipimo cha bunduki yake hulazimika kuibadili bunduki ifuate ganda alilolipata. Kuteka risasi kuliwapa Wajerumani mwaka mmoja zaidi wa kutembea, nao ulikuwa mwaka wa kumtegemea adui kwa kila mlio.

Pingamizi la tatu ndilo la haki kuliko yote. Vita vyote viwili, mtu atasema, viliamuliwa na njaa. Mwaka 1905 hadi 1907 majeshi ya Kijerumani yalichoma maghala na mashamba, na makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa yanataja vifo kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Mwaka 1917 nchi hiihii iliporwa chakula na pande zote mbili, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki. Hilo ni kweli, na historia yoyote ya ganda inayowasahau waliolibeba haifai kuandikwa. Hata hivyo njaa haikuwa nguvu iliyosimama mbali na risasi. Safu ndogo ya askari iliweza kutembea kijiji hadi kijiji ikichoma maghala kwa sababu ilikuwa na risasi za kutosha na wanakijiji hawakuwa nazo. Na mpagazi aliyekufa njiani kutoka Sudi au nyuma ya Waingereza kutoka Lindi alikufa, kwa sehemu kubwa, akiwa amebeba kile ambacho hakikuweza kutengenezwa pale kinapotumika. Ukosefu wa karakana ulilipwa kwa shingo za watu. Njaa ilikuwa matokeo, na ganda lilikuwa mojawapo ya vyanzo vyake.

Nachingwea ilirudi katika hadithi hii katika miaka ya 1960. Katika ardhi ambako mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa umeshindwa, chama cha FRELIMO kiliweka kambi yake kuu ya mafunzo, na wapiganaji waliotoka humo walivuka Ruvuma kwenda kuikomboa Msumbiji. Silaha zao zilikuwa hasa za Kisovieti na za Kichina, na maganda ya risasi za bunduki hizo mara nyingi yalikuwa ya chuma kilichopakwa rangi au shaba nyembamba, si ya shaba ya manjano. Ganda la namna hiyo halikukusudiwa kutumika zaidi ya mara moja, hupigwa, likatupwa. Lilifaa kwa vita ambavyo nyuma yake kulikuwa na viwanda vya mataifa makubwa, bandari za Tanzania zilizo wazi, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao Dar es Salaam. Mpiganaji wa Majimaji na mpiganaji wa FRELIMO walitembea katika misitu ileile wakiwa na ujasiri uleule. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba sasa nyuma ya mpiganaji kulikuwa na dola huru yenye bandari, iliyokubali kupitisha masanduku.

Serikali ya Tanzania ililielewa somo hilo. Mwaka 1974 ilianzisha Shirika la Mzinga mjini Morogoro, na utengenezaji wa risasi ukawa kazi ya taifa ndani ya mipaka yake. Upande wa pili, sheria haikuufungulia mlango ufundi wa nyumbani. Marekani, mwenye bastola ya silinda anaweza kuyaokota maganda yake, kuyabana katika kalibu mezani kwake na kuyajaza tena, na huko ni burudani ya watu wengi. Hapa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inautaka utengenezaji wa risasi uwe na kibali. Wapo watakaosema kwamba huu ni mkataba wa Brussels uliorudi kwa mlango wa nyuma, dola ikiendelea kumnyima raia kile ambacho mkoloni alimnyima babu yake. Ulinganisho huo unavutia, ila unakosea mahali. Sheria ya 1890 ilitungwa na wageni ili kiwanda kibaki kwao na gobori libaki kwetu. Sheria ya leo imetungwa na bunge la nchi yenye kiwanda chake, katika ukanda ulioona silaha ndogo zikivuka mipaka mpaka mataifa yake yakatia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004. Tunaweza kubishana juu ya ukali wa sheria hiyo, lakini shabaha yake ni sahihi kihistoria: bunduki iliyozagaa bila risasi haina sauti, na anayeidhibiti risasi ameidhibiti bunduki.

Ndiyo maana ninaona kuwa somo la Majimaji na la Vita Kuu, hasa katika shule za Lindi, linapaswa kuanzia kwenye ugavi: nani alitengeneza, kwa sheria gani, akapitisha bandari ipi, na nani akabeba. Mtoto wa Mnero anayefundishwa kwamba mababu zake walishindwa kwa kuamini maji anapewa nusu ya ukweli iliyo mbaya kuliko uongo. Akifundishwa kwamba waliikabili biashara iliyofungwa kwa makusudi, kwamba kizuizi hichohicho kiliwapiga magoti waliokuwa mabwana zao miaka kumi baadaye, na kwamba nchi huru ilikivunja kwa bandari na kiwanda, anapata maelezo yanayolingana na ushahidi. Anapata pia kipimo cha kuisoma sera ya leo, kwa sababu suala lililoanza na shaba ya ganda linajirudia katika dawa, mbegu, mbolea na mitambo: anayekuuzia chombo bila kukuachia uwezo wa kukitengeneza amebaki na sehemu kubwa ya nguvu uliyodhani umeinunua.